Kabla ya kufunga mzigo kwenda Hoima

Siku hizi kuna swali lisilokosekana katika vijiwe vya mafundi kuanzia Tanga hadi Nzega na Bukoba: twende Hoima? Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania. Vijana wetu wengi wamepata ujuzi na vyeti katika mradi huo. Wamechomelea, wameendesha mitambo mizito, wamepika kwenye kambi, wamelinda maghala. Kazi ya ujenzi haidumu milele, na kila kipande kinapokamilika watu hurudishwa nyumbani. Ndipo macho yanapogeukia kule bomba linakoanzia, magharibi ya Uganda, karibu na Ziwa Albert.

Msimamo wangu nausema mapema. Anayetaka kwenda aende. Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuundwa ili marais wapigiwe mizinga viwanjani, iliundwa ili fundi wa Tanga afanye kazi Hoima na mwalimu wa Masindi afundishe Handeni bila kuonekana mwizi. Ila mjadala ninaousikia vijiweni unaishia kwenye swali moja tu: "Uganda kuna hela?" Swali hilo halitoshi. Mtu hahamii Uganda. Anahamia wilaya fulani yenye soko lake, shule zake, lugha yake na kumbukumbu zake, na hayo ndiyo yatakayoamua kama miaka miwili baadaye atakuwa amejenga au atakuwa anaomba nauli ya kurudi.

Haki ipo, lakini ina milango yake

Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Inampa raia wa nchi mwanachama uhuru wa kwenda nchi nyingine, kufanya kazi, kuanzisha biashara na kuishi huko. Wengi wetu tumesikia sentensi hiyo na kudhani habari imeisha.

Haijaisha. Mkenya, Mnyarwanda na Mganda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa tu, utaratibu ulioanza mwaka 2014. Mtanzania anayepita Mutukula anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Akishavuka atapewa kibali cha kukaa kama mgeni. Kibali hicho ni cha kutembea, si cha kuajiriwa. Akipata mkataba wa kazi unaozidi siku 90 anatakiwa kuomba kibali cha kazi mara moja, na Itifaki inaipa mamlaka ya nchi mwenyeji muda wa kujibu maombi hayo. Asiyefanya hivyo anaishi kwa kujificha, na mwajiri mjanja huipenda sana hali hiyo, kwa sababu mfanyakazi asiye na karatasi hawezi kudai mshahara wake popote.

Kuna jambo jingine ambalo mama lishe na wenye malori wanapaswa kulijua kabla hawajauza kiwanja kupata mtaji. Kanuni za Uganda za sekta ya mafuta, zilizotolewa mwaka 2016, zimetenga aina 16 za huduma kwa ajili ya kampuni na raia wa Uganda. Zimo usafirishaji, ulinzi, vyakula na vinywaji, malazi na upishi, usambazaji wa mafuta ya magari, ukodishaji wa kreni, uwakala wa forodha na vifaa vya ujenzi vinavyopatikana nchini humo. Mgeni anayetaka kuwauzia wakandarasi wa mafuta vitu hivyo inabidi atafute mbia wa Uganda. Kwa maneno mengine, mlango ambao Watanzania wengi wanaupanga vichwani mwao, wa kulisha kambi na kubeba mizigo, ndio uliofungwa.

Kabla hatujaanza kulalamika, tujitazame. Tanzania nayo ina kanuni zake za kuwapa wazawa kipaumbele katika mafuta na gesi. Na Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na uongozaji watalii. Majirani walinung'unika, hasa Kenya, na walikuwa na hoja. Huwezi kumfungia jirani duka la simu Arusha halafu ukataka akufungulie mgahawa Hoima. Hizi ni nchi zilizotia saini karatasi moja na kila moja inaisoma kwa miwani yake.

Mafuta yameshatuahidi kabla

Sisi wa ukanda huu si wageni wa homa ya mafuta na gesi. Mtwara ilipata homa hiyo kuanzia mwaka 2010 hivi. Hoteli ziliota, kodi za nyumba zikapanda, watu wakahamia kutoka Dar es Salaam na Kilimanjaro wakiamini kiwanda cha gesi kimiminika kiko mlangoni. Mei 2013 zikatokea ghasia kubwa kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Bomba likajengwa, wajenzi wakaondoka. Kiwanda kile cha Lindi kimebaki kwenye mazungumzo miaka nenda miaka rudi. Waliokopa benki kujenga nyumba za wageni walibaki na vyumba vitupu.

Kenya nayo ilitangaza kupata mafuta Turkana mwaka 2012. Lokichar ikajaa magari na matumaini. Mwaka 2018 mafuta yakaanza kubebwa kwa malori hadi Mombasa, mwaka uliofuata shehena ya kwanza ikauzwa nje, na mwaka 2020 malori yakasimama. Aliyehamia Lokichar kwa kutegemea malori yale alijifunza somo kwa gharama yake.

Hoima ina msingi imara zaidi ya hao wawili. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 1, 2022, visima vimechimbwa, uwanja wa ndege wa kimataifa umejengwa Kabaale, barabara za lami zimefika hadi ziwani. Hata hivyo tarehe ya mafuta ya kwanza imesogezwa mara nyingi tangu ugunduzi wa mwaka 2006. Zaidi ya hapo, biashara ya mafuta ina tabia moja duniani kote: ujenzi huhitaji maelfu ya mikono, uendeshaji huhitaji wachache wenye ujuzi maalumu. Anayehamia Hoima leo kwa ajili ya ujenzi ajue anapanda basi ambalo limeshakaribia kituo.

Ndiyo maana ningemwambia kijana aangalie kile kitakachobaki mafuta yakinyamaza. Bunyoro ni nchi ya mashamba. Kuna miwa na kiwanda kikubwa cha sukari Kinyara, upande wa Masindi. Kuna mahindi, chai, mihogo na samaki wa Ziwa Albert. Fundi wa kuchomelea anayeweza kutengeneza trela la trekta, mashine ya kukoboa au tanki la maji atakuwa na wateja hata kama bei ya pipa la mafuta ikianguka. Fundi anayejua bomba tu atategemea simu ya mkandarasi.

Ardhi ile ina kumbukumbu

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu jambo hili halimo kwenye tangazo lolote la kazi.

Bunyoro ni ufalme wa zamani wenye jeraha. Mfalme wao Kabalega alipigana na Waingereza kwa miaka mingi, akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Ushelisheli. Sehemu ya ardhi yao ikapewa Buganda, na hata baada ya uhuru ilibidi ipigwe kura ya maoni mwaka 1964 ndipo wilaya mbili za Buyaga na Bugangaizi zirudi. Baadaye wakaja wahamiaji kutoka sehemu nyingine za Uganda yenyewe, hasa Bakiga kutoka kusini magharibi. Mwaka 2002, mtu wa jamii ya wahamiaji aliposhinda uenyekiti wa wilaya ya Kibaale, mgogoro ulikuwa mkubwa mpaka serikali kuu ikaingilia kati. Wenyeji wana neno la kuwaita wahamiaji: bafuruki.

Kisha yakaja mafuta. Kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta na uwanja wa ndege pale Kabaale zilichukuliwa takriban kilomita za mraba 29, na vijiji 13 vikahama. Wapo waliosubiri fidia kwa miaka. Kwa hiyo mgeni anayefika Hoima na kuuliza "hapa kiwanja bei gani?" anagusa kidonda ambacho hakukiona.

Kisheria pia, ardhi haimo kwenye uhuru wa Soko la Pamoja. Itifaki imeiachia kila nchi sheria zake. Uganda humpa asiye raia umiliki wa kukodi usiozidi miaka 99, na hapati ule umiliki wa kudumu wa mwenyeji. Kenya ina ukomo kama huo, na Tanzania humruhusu mgeni kutumia ardhi kwa uwekezaji tu kupitia utaratibu maalumu. Ukiona mtu anakuuzia shamba Hoima kwa karatasi ya mkono mbele ya mashahidi wawili, tafadhali rudisha fedha zako mfukoni. Panga. Kodi ya pango haijawahi kumfunga mtu kama kiwanja cha magendo kinavyoweza kumfunga.

Kiswahili chako hakitakufikisha kila mahali

Watanzania tuna kasumba moja: tunaamini Kiswahili kinafungua kila mlango Afrika Mashariki. Katiba ya Uganda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe shuleni. Ni hatua nzuri. Lakini kwa mzee wa Hoima, Kiswahili kimebeba kumbukumbu ya askari wa vizuizi barabarani na miaka ya Idi Amin. Ukimwamkia kwa sauti ya juu kwa Kiswahili cha amri, atakujibu kwa uoga au kwa kununa.

Mjini utahitaji Kiingereza kidogo na Runyoro kidogo. Kiswahili utakikuta zaidi katika mialo ya wavuvi ziwani, na katika kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, ambako ndugu zetu kutoka Kongo wanakizungumza kila siku. Na hata maneno tunayoyajua yamegeuka maana. Uganda posho ni ugali. Ukiahidiwa kazi yenye "posho kila siku", usipige hesabu ya fedha, huenda unaahidiwa sahani.

Kwa upande mwingine, wapo Watanzania ambao Hoima si ugenini kama wanavyodhani. Kihaya na Runyoro ni lugha ndugu, na mtu wa Bukoba au Karagwe atasikia maneno mengi anayoyafahamu. Simulizi za Bachwezi zinasimuliwa Bunyoro na zinasimuliwa Karagwe. Mpaka wa Mutukula ni wa juzi tu ukilinganisha na udugu huo.

Kuna jambo moja la Bunyoro ambalo ningemshauri kila mgeni alijifunze wiki ya kwanza: empaako. Ni jina la heshima na upendo, moja kati ya majina 12, ambalo kila mtu hupewa juu ya majina yake mengine. Amooti, Akiiki, Abwooli, Atwoki na mengineyo. UNESCO iliuweka utamaduni huo mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Watu husalimiana kwa empaako zao, na asiyeuliza empaako ya mwenzake huonekana hana adabu. Mgeni anayeuliza, na siku moja akapewa ya kwake, ameshapata kitu ambacho ofisi ya uhamiaji haiwezi kukigonga muhuri.

Watoto hawakuulizwa

Wanaume wengi hupanga safari kana kwamba wanahama peke yao. Kisha mambo yakikaa sawa kidogo, wanaagiza familia. Hapo huanza gharama ambazo hazikuandikwa kwenye daftari.

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania amefundishwa kwa Kiswahili. Akipelekwa Hoima akiwa darasa la tano atakuta hisabati, sayansi na kila kitu kwa Kiingereza, na wenzake wanacheza kwa Runyoro. Atarudishwa madarasa mawili nyuma, si kwa sababu ni mjinga, ila kwa sababu lugha imemzuia. Mitaala ya nchi zetu haifanani na kila nchi inaibadilisha kwa wakati wake. Mtoto aliye karibu na mtihani wa taifa asihamishwe. Asubiri amalize, hata kama baba atatangulia mwaka mzima.

Mama naye ana hesabu zake. Tanga ana kikundi chake cha kukopeshana, ana shangazi wa kumwachia mtoto, anamjua muuguzi wa zahanati. Hoima ataanza upya yote hayo. Kama ana kazi ya taaluma, aulize kwanza kama cheti chake kitatambuliwa. Kwa ngazi ya Jumuiya, makubaliano ya kutambuana yamefikiwa kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Muuguzi na mwalimu watapaswa kugonga hodi kwenye bodi ya nchi husika na kusubiri.

Michango ya uzeeni nayo haivuki mpaka pamoja nawe. Kule mwajiri huchangia asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5 kwenye mfuko wao wa hifadhi ya jamii, na michango yako ya Tanzania itabaki ilipo. Mwajiri akikwambia hakuna haja ya kukusajili kwa sababu wewe ni mgeni, ujue anakula asilimia zako 10.

Ukiamua kwenda, nenda hivi

Nenda kwanza kutazama. Siku 14 zinatosha, ukiwa na nauli ya kurudi iliyofungwa pembeni isiyoguswa. Lala mtaa unaotaka kuishi, usilale hotelini. Kula kwa mama lishe wa pale na uulize kodi ya chumba, bei ya gunia la mkaa, ada ya shule, nauli ya boda kutoka mtaani hadi mjini. Piga hesabu kwa shilingi ya Uganda halafu uigeuze iwe yetu, maana sufuri za kule huwafanya wageni wajione matajiri kwa wiki moja.

Uliza swali hili kwa watu watatu wasiojuana: "Mwaka jana ni kina nani waliofunga biashara hapa, na kwa nini?" Waliofanikiwa kila mtu atakuonyesha. Waliofunga ndio wenye habari unayoihitaji.

Usilipe dalali wa ajira. Mkataba uwe umeandikwa, una jina la kampuni, mshahara na muda. Fika kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, yule wanayemwita LC wa kwanza, ujitambulishe kabla hujatambulishwa na maneno ya watu. Na jiandikishe ubalozini kwetu Kampala. Hakuna aibu kufanya hivyo ukiwa na afya njema, kwani siku ya shida hawawezi kumtafuta wasiyemjua.

Serikali nazo zina deni

Nisiwabebeshe vijana mzigo wote. Mambo niliyoyaandika hapa yametawanyika katika sheria, kanuni na ofisi zisizopungua sita. Kijana wa Nzega atayakusanya vipi? Kila kituo cha mpakani cha pamoja kinapaswa kuwa na dawati moja linaloeleza kwa Kiswahili rahisi: kazi gani zimefunguliwa, kibali kinaombwa wapi, biashara gani zimezuiwa, malalamiko yanapelekwa kwa nani. Tunajenga majengo mazuri ya kukagua malori kwa haraka. Mtu naye ana haki ya kupewa maelezo kama lori.

Na Tanzania ifikirie upya suala la kitambulisho. Kama Mganda anaweza kwenda Kigali kwa kadi yake ya taifa, sababu za Mtanzania kushindwa kuvuka Mutukula kwa kadi yake zinahitaji kuelezwa wazi, na kama hazipo, ziondolewe.

Historia inatuonya tusiyachezee haya. Oktoba 1970 Uganda iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, baadhi yao wakiwa wameishi huko miaka mingi. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Watu wa reli, posta na bandari walijikuta upande usio wao kwa tamko moja la redio. Waliookoka vizuri walikuwa wale wenye karatasi kamili na majirani wa kweli. Karatasi ziliwalindia mali, na majirani waliwahifadhia watoto.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza vijiweni ni hili. Kama una ujuzi unaohitajika hata bila mafuta, kama watoto wako hawapo kwenye darasa la mtihani, kama umeshakanyaga Hoima kwa miguu yako na ukarudi ukiwa bado unaipenda, nenda. Kama unachokijua kuhusu Hoima ni video ya dakika mbili uliyotumiwa kwenye simu, baki kwanza, weka akiba ya nauli, ukatazame. Mji ule hautahama.